Mlio wa Lori la Mzee Nandonde

Ruangwa, Jumapili jioni

Kaka Damasi,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na Mama hamjambo huko Njombe, na goti la Mama limepata nafuu. Mimi mwili ni mzima, ila moyo umechafuka. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Ni habari ya yule Mzee Nandonde, mnunuzi wa ufuta, aliyekupigia majuzi kunishtaki. Lori lake kuukuu nililifungua injini, nikabadilisha gasketi, nikasaga vali, nikaiosha ikang'aa. Likaondoka likinguruma vizuri. Siku ya tatu likarudi kutoka Nachingwea likigonga, na ukikanyaga mafuta linazidi. Mzee hakuniuliza neno. Alisimama sokoni, watu wamejaa, akatangaza kwamba fundi wa kuja amechomoa vyuma vyake vizima na kumwekea vibovu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja nikageuzwa mwizi. Hata mama wa chai akaanza kuhesabu vikombe nikiondoka.

Nilitafuta mlio ule kama ulivyonifundisha. Niliweka bisibisi ndefu sikioni nikasikiliza vali, sikusikia kasoro. Nikalegeza mabomba ya dizeli moja moja, mlio haukubadilika, nikajua pistoni hazina kosa. Nilipogusa upande wa eksozi, bisibisi ikaniruka sikioni. Nikazima injini, nikaiacha ipoe, nikapenyeza mkono. Nikatoa kopo la maziwa ya unga, limejaa korosho zilizokaangika.

Ni zake mwenyewe. Huzipachika pale akitoka Nachingwea ziive njiani, kama madereva wengi wa huku. Kopo lilikuwa na waya wake wa kulishika, na waya huo niliutupa mimi siku ya kuosha injini, nikidhani takataka. Hilo nalikubali. Lakini mtu apachike kopo bila waya, ligonge, halafu asahau kopo akumbuke wizi?

Nilipomwonyesha kopo, aliniomba radhi ndani ya lori, vioo vimepandishwa. Nikamwambia, "Mzee wangu, uliponiita mwizi hukupandisha vioo." Siku ya soko akasimama palepale, akaeleza yote, kopo na korosho zake, watu wakamcheka akavumilia. Nikampa mkono.

Ndipo akanieleza ulichomjibu kwenye simu. Wewe uliyenilea, uliyenishikisha spana, hukuuliza hata mlio ukoje. Ulimwambia, "Mzee, msamehe huyo kijana." Kaka, uliniombea msamaha wa wizi ambao sikuufanya. Hilo limeniuma kuliko la sokoni.

Nisalimie Mama, mwambie kazi ninayo. Shemeji na watoto wote nawasalimu, na shangazi yetu anayepiga kengele ya kanisa usimsahau.

Mzee Nandonde ameniomba radhi mbele ya soko zima. Umebaki wewe.

Mdogo wako,
Festo