Filta Nyekundu ya Baba

3 Juni

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, mtoto kaacha kukohoa. Mgongo wako je? Adabu ziishie hapo, maana nina hasira.

Jana mwenzako wa zamu kaleta lori lenu hapa gereji. Nafungua kasha la filta ya hewa, nakutana na filta nyekundu ya kitambaa, ile ya kupakwa mafuta, ya magari ya mashindano! Nani kakuingiza mjini? Nimepitisha kidole kwenye bomba linaloingia turbo: vumbi tupu, linakwaruza. Ile filta ya karatasi ya zamani ilikuwa inalizuia. Hii inapitisha hewa zaidi, sawa, na vumbi nalo inalikaribisha. Injini ya dizeli yenye turbo inasukumiwa hewa ya kutosha, hiyo nguvu ya ziada hata hutaihisi. Nimerudisha ya karatasi. Yako iko nyuma ya kiti.

Binti yako

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo. Kumbe mtoto kapona, anayehitaji dawa ni mama yake.

Spana nilikufundisha kushika mimi, leo unanipitishia kidole? Nyekundu nimeifunga tena. Lori linapanda mlima kwa raha, na anayeendesha ni mimi. Koma kuigusa.

Baba yako

15 Juni

Baba,

Shikamoo. Nakuuliza hali kwa sababu nililelewa vizuri.

Raha gani? Nimemuuliza mwenzako. Mzigo uleule, mlima uleule, gia ileile, hakuna tofauti isipokuwa kelele. Umenunua kelele! Vumbi likila ringi za pistoni, injini ikafa, tajiri mwenye lori atakufukuza wewe, si muuza filta. Nipe sababu moja ya maana.

Binti yako

2 Julai

Mwanangu,

Hamjambo? Barua hii nimeichana mara tatu.

Ndiyo, nimenunua kelele. Sikio la kushoto limekufa tangu mwaka jana, la kulia linafuata. Injini nilikuwa siisikii tena, nachelewa kubadili gia, lori linataka kunizimikia mlimani. Hii ikinguruma naipata mpaka kifuani. Wiki iliyopita mtu wa pikipiki kanipigia honi mpaka akaja kugonga mlango kwa ngumi. Ilibaki kidogo nimlalie na lori.

Usimwambie tajiri. Miaka thelathini na moja, kazi nyingine siijui. Sijawahi kukuomba kitu.

Baba yako

4 Julai

Baba,

Shikamoo. Nimelia, halafu nimekasirika kuliko siku ya lile vumbi.

Injini ikifa naifungua, naitengeneza. Yule wa pikipiki ningemfungua wapi? Na ulijua! Ukaongeza ngurumo ndani, hata honi ya mwenzio isisikike kabisa.

Nimemwambia tajiri asubuhi hii. Nakuandikia mwenyewe, usije ukaambiwa na watu. Nitukane utakavyo. Jumamosi nakuja nikupeleke kupima masikio.

Binti yako

20 Julai

Fundi,

Salamu sina.

Lori nimelikabidhi. Kwanza nilitoa ile nyekundu kwa mkono wangu, nikafunga ya karatasi, nikaliingiza uani kwa tajiri. Njia nzima nilitazama mshale wa mzunguko wa injini tu. Sikusikia kitu. Sikujua hata kama injini imezimwa mpaka tajiri alipochomoa ufunguo.

Ulisema kweli. Sijakusamehe.

Jumamosi ile nilikuwa ndani. Nilikuona dirishani, umesimama na mtoto mgongoni, unagonga na kugonga. Usije ukadhani ni masikio. Nilikuona, nikakaa.

Baba yako