Tatu ya Kusikiliza

Machi 6, 2016

Dada Nohra,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Sisi wazima, ila Yaneth miguu imemvimba; mimba ya mwezi wa saba haimpi usingizi. Mama hajambo? Goti lake je? Mwambie aache kupanda zile ngazi za kanisani.

Majibu ya mtihani wa Kiingereza yametoka. Wewe ndiye mwalimu, nisomee. Kila alama ni kati ya sita: matamshi nne, sarufi nne, msamiati tano, kuongea bila kukwama nne, kujibizana nne. Kusikiliza na kuelewa, tatu. Bosi wangu, don Abelardo, alipiga hesabu palepale tukinywa kahawa: wastani ni nne, na nne ndiyo inayotakiwa kwa mwongozaji ndege wa mnarani. Anasema nimefaulu. Nimefaulu, dada?

Mdogo wako,
Eliécer


Machi 11, 2016

Eliécer mdogo wangu,

Mama hajambo. Goti ni lilelile na ngazi anapanda. Mpe Yaneth pole, akilala aweke miguu juu ya mto.

Hujafaulu. Wanafunzi wangu wanaoomba kusoma nje, vyuo vingi huwaangalia wastani, na wastani huwaokoa kila mwaka. Mtihani wenu si huo. Kwenu alama ya chini kabisa ndiyo alama yako. Wewe ni tatu, basi. Maana ya tatu ni hii: rubani akisema yale maneno mliyokaririshwa, unamwelewa. Siku mambo yakimharibikia ataacha ya kukariri, ataongea kama anavyoongea na mkewe jikoni. Hapo ndipo utakapopotea.

Usione haya. Omba miezi sita, uwe unakuja huku kwangu Manizales Jumapili tusome. Tangu utoto wewe kuongea umejaliwa, kusikiliza ndiyo shida!

Dada yako,
Nohra


Mei 29, 2016

Dada,

Habari za huko? Mtoto amezaliwa, msichana, ana pua yako, maskini. Mama yake anaendelea vizuri.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Lile la mtihani limekwisha. Don Abelardo aliongea na watu wake, na cheti changu sasa kinasema nne. Usiniulize zaidi. Ningepoteza kazi, na hii nyumba tunayolala ni ya kazini.

Ndege za wageni zimeanza kuja kubeba maua. Juzi rubani mmoja alinimwagia maneno marefu, nikamjibu, "Nimekupata." Akacheka, akatua. Mpaka leo sijui aliniuliza nini! Usimwambie mama.

Mdogo wako,
Eliécer


Juni 2, 2016

Eliécer,

Hongereni kwa mtoto, mbusu kwa niaba yangu.

Shuka kwenye hicho kiti. Waambie masikio yanakusumbua, wala hutakuwa umedanganya. Nyumba yangu ina chumba, njooni nyote watatu. Huyo alicheka. Mwingine hatacheka. Nakupigia simu hupokei. Nijibu.

Dada yako


Julai 1, 2016

Mdogo wangu,

Mzima wewe? Mtoto je? Sina hasira tena, andika tu. Mama ananiuliza kwa nini siku hizi nikisikia ndege ikipita natoka nje.

Dada yako


Agosti 14, 2016

Dada Nohra,

Najua umesikia redioni. Sisi wazima. Naona aibu hata kuliandika neno hilo. Simu yangu wameichukua.

Asubuhi ilikuwa nyeupe, hakuna wingu. Ndege ya maua ilikuwa inazunguka ikingoja, na mbele yake ipo ya abiria kutoka Bogotá. Rubani akaniita, akaongea haraka. Nilishika neno moja tu: moshi. Dada, nililijua lile neno! Nikachukua darubini, nikaitazama ndege yake vizuri, mabawa yote, mpaka mkia. Nikamwambia, "Sioni moshi. Ngoja zamu yako." Akarudia, sauti imepanda: moshi, moshi. Nikatazama tena. Nikamwambia, "Hakuna moshi, bwana, uko salama, zunguka tena." Akapita nyuma ya kilima, na upande wa pili hakutokea. Walikuwa watatu ndani.

Wachunguzi wameondoka na kanda za sauti, hawaniambii kitu. Don Abelardo tukikutana anatazama pembeni. Kwenye karatasi ya pili nimeandika maneno yote ya yule rubani jinsi masikio yangu yalivyoyapokea. Nisomee. Alikuwa ananiambia nini?

Mdogo wako,
Eliécer


Agosti 18, 2016

Mdogo wangu,

Mimi na mama wazima. Nimekaa na karatasi yako tangu jana, nimeisoma kwa sauti mpaka nikamsikia yule mtu.

Neno ni moshi kweli, ulisikia sawasawa. Lakini ndege yake haikuwa inawaka. Ni msemo wa Kiingereza wa kila siku, "running on fumes", yaani kwenda kwa moshi tu, hata dereva wa teksi huutumia mafuta yakimwishia. Alikuwa anakuambia tangi limekauka, kwamba anaruka kwa harufu tu ya mafuta.

Napanda basi la alfajiri. Usiende kwa wachunguzi peke yako. Nikibisha hodi, nifungulie.

Dada yako,
Nohra