Nimefahamu ya Adabu

Rukia mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika Jomvu Kuu. Babu yako hajambo, kikohozi kimepungua.

Waniuliza, ukitaka kuwa mwalimu wa watoto majumbani, uongeze somo la hesabu au uchukue lile la namna watoto wanavyojifunza. Mimi nilipokuwa mdogo, shangazi yangu alinifundisha kugawanya. Kila akiniuliza, "Umefahamu?" nilijibu, "Nimefahamu, shangazi." Ilikuwa adabu tu, vipi umwambie mkubwa hukumwelewa? Siku moja akanipa chaki. "Haya, nifundishe mimi." Nikaandika namba ya kwanza, nikakwama. Hakunigombeza, alikaa mkekani kando yangu, akaanza upya.

Hesabu waijua, mwanangu. Kasome kumsikiliza mtoto.

Umefahamu? Usinijibu kwa adabu.

Bibi yako