Kifungu cha Nne

Nakivale, Base Camp
3 Februari 2025

Kwa mupwa wangu Perpétue,

Tangu habari ya kazi yako ifike hapa, hata mbwa za polisi zinasimama wima nikipita. Jana mukubwa mumoja wa biro, ofisi ya kambi, alinitolea kiti chake, akabaki yeye amesimama, akaniuliza, "Mzee Bonaventure, ni kweli mutoto ya dada yako anaandikia serikali sheria?" Nikamujibu, "Anaandika, na aliyemufundisha kushika kalamu ni miye." Alifuta jasho.

Habari za masiku mingi? Afya yako? Unakula, ama unakunywa chai tu kama mwanafunzi? Huku tuko wazima, Mungu asifiwe, ila magoti yangu yanapiga kelele nikiinama kulima.

Nimesikia unaogopa. Unaogopa nini? Kule Uvira mahakimu hawakuanza kesi kabla sijakohoa. Mumoja alikataa kuningoja, akahukumu vibaya, mpaka leo anajuta. Nitumie hizo sheria nizisome, nikuonyeshe fasi, pale palipo na makosa. Jirani yetu Clémence anapeleka maharagwe Mbarara kila Jumanne na kurudi Jumatano, atabeba barua zetu ndani ya gunia. Simu siiamini, maneno makubwa yanataka karatasi.

Miye mujomba wako,
Bonaventure


Mbarara, Nyamitanga
11 Februari 2025

Mujomba wangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Nimepokea barua yako ikinukia maharagwe, nikacheka peke yangu. Mimi ni mzima. Nakula. Pole kwa magoti, umwombe Clémence akuchue na mafuta ya moto.

Ni kweli ninaogopa. Ofisini tuko watano tunaoandika rasimu za sheria ndogo kwa ajili ya halmashauri, na mimi peke yangu ni mkimbizi. Nimewekwa miezi sita ya kujaribiwa. Nikikosea nitarudi nyumbani, na sijui kama atachukuliwa mwingine kutoka kambini baada yangu. Kila sentensi naiandika mara kumi. Nawaza kwamba mtu nisiyemjua atafukuzwa shambani kwa sababu ya koma yangu.

Mkubwa wetu, Madamu Vanessa, ana desturi yake. Kabla rasimu haijaenda mbele ya madiwani, kila mmoja wetu humpa mtu mmoja asiyesoma sheria, aisome kwa lugha ya nyumbani, aseme ni wapi amepotea. Mimi nimekuchagua wewe. Hii hapa ni rasimu ya kulinda ukingo wa ziwa, nimeigeuza kwa Kiswahili, kurasa mbili. Weka alama popote usipoelewa.

Mujomba, nakusihi: rasimu si sheria. Isome peke yako, usimwonyeshe mtu.

Mpwa wako anayekupenda,
Perpétue


Nakivale, Base Camp
17 Februari 2025

Perpétue mama,

Salamu nyingi kuliko majani. Magoti yamepona, Clémence ana mikono ya fundi. Wewe je, bado mzima?

Karatasi zako nimezisoma zote, nazirudisha safi, hakuna alama hata moja, maana hakuna fasi nilipopotea. Umeandika vizuri! Ile ya kukataza watu kulima karibu na maji, hata miye nisingeipanga hivyo.

Nilifuata maneno yako, sikumwonyesha mtu karatasi. Niliwasomea tu. Jumapili, baada ya matangazo ya kwaya, nilisimama mbele nikawaambia, "Ndugu, sheria imetoka kwa familia yangu." Kanisa zima lilinigeukia, hata watoto. Nilipoona wanasikiliza hivyo niliongeza kidogo kwa kuwasaidia kuelewa: kwamba serikali inakuja na tingatinga kabla mwezi haujaisha, na atakayekutwa na zao kando ya maji atalala ndani.

Walitii, mama! Mukandoli, yule mujane wa karibu na ziwa, leo Jumatatu asubuhi alikuwa tayari anang'oa mahindi yake. Nilipita nikamwambia, "Vizuri sana, Mukandoli." Aliendelea kung'oa, alikuwa na kazi.

Miye mujomba wako,
Bonaventure


Mbarara, Nyamitanga
19 Februari 2025

Mujomba,

Nakusalimu, lakini kwa haraka, samahani kwa mwandiko.

Hakuna sheria. Hakuna tingatinga. Madiwani hawajaiona hiyo karatasi. Ukurasa wa pili, kifungu cha nne, unasema aliyekwisha kupanda ataachiwa avune, na hata baada ya hapo atapewa msimu mzima wa kutafuta shamba lingine. Kifungu hicho ndicho cha kwanza nilichoandika mwenyewe tangu niingie kazini. Nilipokiandika nilikuwa nikiwafikiria watu kama Mukandoli, mujomba. Nilimwona yeye kabisa, na kitambaa chake cha kichwa.

Jana ilipigwa simu ofisini. Walisema akina mama kando ya ziwa wanang'oa mahindi mabichi, kwamba sheria imesomwa kanisani. Madamu Vanessa alisimama mlangoni akauliza, "Nani ametoa rasimu nje?" Wenzangu wakatazamana. Mimi nilinyamaza.

Nenda kwa Mukandoli leo, kabla hujamaliza kukunja barua hii. Jumapili simama palepale uliposimama, uwaambie ukweli. Na uniandikie karatasi ya kumpa Madamu: ulisoma nini, uliongeza nini. Bila hiyo wataamini niliituma isomwe.

Usikawie. Naogopa.

Perpétue


Mbarara, Nyamitanga
26 Februari 2025

Mujomba,

Natumaini u mzima. Jana Clémence alikuja mikono mitupu. Anasema hukumpa barua, na mlango wako ulikuwa umefungwa tangu alfajiri.

Nimeshindwa kungoja. Asubuhi hii niligonga kwa Madamu nikasema, "Ni mimi." Alivua miwani. Akasema, "Perpétue, rasimu kutolewa nje, hilo naweza kulieleza kwa wakubwa. Wiki nzima umenitazama usoni ukanyamaza. Hilo nitalielezaje?"

Hajanifukuza bado. Anataka kumsikia aliyesoma, kwa mdomo wake, Ijumaa tarehe saba Machi, saa tatu asubuhi. Kama rasimu yenyewe ndiyo iliyokupoteza, tutaiandika upya na nitabaki. Kama niliituma isomwe hadharani, nitaondoka siku hiyo hiyo. Asipokusikia, ataandika ripoti anavyojua.

Sikulazimishi. Ila sina mtu mwingine aliyeisoma.

Mpwa wako,
Perpétue


Nakivale, Base Camp
2 Machi 2025

Mutoto yangu Perpétue,

Unisalimie kwanza moyo wako, kama bado unapiga. Wangu unapiga kama ngoma ya harusi ya watu wengine.

Leo kanisani nimesema. Niliwaambia, "Ndugu, ile haikuwa sheria, na tingatinga nililitengeneza miye kwa mdomo." Mukandoli akasimama.

"Mzee, ulisema linakuja."

"Nilisema."

"Na nilipokuwa nang'oa, ulipita ukaniambia vizuri."

"Nilisema hivyo."

"Sasa hizi mahindi nizirudishe kwenye mabua na gundi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na miye nikatamani ardhi inimeze. Ameng'oa mistari saba, imebaki minne. Nimemupa maharagwe yangu ya mulimani avune yote. Amepokea bila kusema asante, na ni haki yake.

Karatasi ya Madamu iko ndani ya barua hii. Nimeandika kwamba uliniambia nisome peke yangu, na miye nikataka kanisa linitazame. Nimeandika pia kwamba ukurasa wa kwanza ulinichukua siku tatu, na wa pili sikuufungua. Kifungu cha nne nimekijua kwa barua yako. Uvira nilisoma mpaka darasa la tatu. Nilirudisha karatasi safi ili usijue mujomba wako amepotea tangu mustari wa pili. Madamu akitaka kucheka, acheke, ila akuache kazini.

Ijumaa nitakuja kumwambia hayo kwa mdomo. Nimeazima koti ya Aimable wa kwaya, mikono mirefu kidogo.

Lakini kuna kitu sikukiandika kwenye karatasi ya Madamu, nakuandikia wewe tu. Jumanne ile mlango wangu ulikuwa umefungwa kwa sababu nilikuja Mbarara. Nilifika kwenye biro yenu saa tatu. Nikaona askari wa getini, nikaona ngazi, nikaona watu wenye tai wanapanda bila kuangalia chini. Nilisimama ng'ambo ya barabara mpaka saa sita, nikijifanya naangalia viatu dukani. Wewe ulitoka, ukanunua chapati, ukala umesimama, unaangalia saa. Ulikuwa umekonda. Nikainama nyuma ya viatu ili usinione, halafu nikarudi Nakivale.

Ijumaa ukifika getini, angalia ng'ambo. Uvuke, unishike mukono, univushe.

Mujomba wako,
Bonaventure