Shangazi Mbele ya Bodi ya Leseni

Shoga, acha unachofanya usome hii!

Shangazi, yule anayemkemea kila anayebeti, kumbe ndiye mwekezaji wa kikampuni cha kaka cha kubeti! Alidhani ni michezo ya watoto ya kwenye simu 😂

Sasa sheria mpya inataka kila mwekezaji ahojiwe, la sivyo leseni hakuna na kampuni inafungwa. Leo nimewasindikiza kwenye bodi ya leseni. Kaka jasho linamtiririka!

Ofisa: "Mama, umewahi kucheza kamari?"

Shangazi akawaka. "Mimi? Katu! Nimempa tu huyu mtoto akiba yangu yote, naomba Mungu irudi."

"Mama, hiyo ndiyo kamari yenyewe!"

Kaka kafumba macho.

Shoga, shangazi akaangua kicheko! Ofisa naye akacheka, akagonga muhuri: leseni tumepewa.

Kwenye ngazi akamnong'oneza kaka: "Kwani Jumamosi nani anacheza na nani?"