Mstari mweusi mgongoni kwa baba yake Chuskit

Nurboo, uko wapi? Acha kazi usome.

Nimemchafua baba yake Chuskit. Baba mtu, yule yule ninayetaka anipe binti.

Asubuhi gari lao liligoma kuwaka, akaniomba nimpeleke harusini kwa mpwa wake, kijiji cha pili. Nikaona hiyo ndiyo bahati yangu. Nikaosha pikipiki, nikaimwagia cheni oili mpaka ikang'aa. Akapanda na joho lake jipya la sufu.

Sasa kumbuka ni wewe uliyenishauri ning'oe madigadi ya nyuma, niweke kile kipande kifupi cha mtindo. Na theluji inayeyuka, njia nzima ni tope.

Tope na oili, Nurboo. Mstari mmoja mweusi, kutoka kiunoni hadi kisogoni.

Na mwenyewe hajui. Kaingia, kainama mbele ya lama apate baraka, na harusi nzima iko nyuma yake inamtazama. Chuskit, aliyetangulia huko tangu jana, kacheka mpaka chai ya siagi ikamtoka puani.

Shangazi mmoja akamnong'oneza baba mtu. Mzee akanijia taratibu.

"Kijana, hii pikipiki yako iliuzwa bila mkia?"

"Mkia ulikuwepo, baba. Niliung'oa ili ipendeze."

"Ipendeze."

Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Kaurudishe. Siku ya harusi yenu binti yangu hatapakwa matope hivi."

Harusi yenu. Nimemuuliza Chuskit, naye kasikia hivyo hivyo.

Kasema harusi yenu, Nurboo.