Meli ya Kamongo Bado Ni Yako

Makoko,
Musoma.
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Kasmiri,

Pokea salamu zangu zote, hata zile ulizokuwa unazikimbia utotoni. U mzima? Baridi ya Kanada imekubakizia masikio? Sisi hatujambo, ila mama yako, mama mdogo wangu, anasumbuliwa na mguu kila mvua ikinyesha. Kule Butiama mihogo imekubali.

Cherehani inanilisha. Kwenye karatasi za kukatia nguo zinazobaki nachora meli za vita, kama zamani. Wateja wanadhani ni mikono ya makoti na mimi nawaacha wadhani hivyo. Nitaanzia wapi kuwaeleza himaya ya nyota tisa ambayo haipo popote ila kwenye mchezo wetu?

Unakumbuka tulikuwa wanne tukiucheza mezani, kwa kete na karatasi. Diana alihamia Dodoma, Gasper akaoa akaacha michezo, na wewe ukapanda ndege. Nikabaki na kete mfukoni. Nimekuwa mpweke, Kasmiri, acha niseme tu.

Mwaka jana nilimpata Makoye, mwalimu wa Bunda, na wenzake wawili. Tunacheza kwa simu kila Jumamosi, na kazi yangu ni kubuni makundi ya meli. Nao wanapenda mizinga kupita kiasi. Niliwasimulia ile meli yako yenye mizinga yote upande mmoja, iliyofyatua mara moja ikazunguka yenyewe kama kuku aliyekatwa kichwa. Walicheka sana.

Ila ule mpangilio wako nimeutunza, ule uliouona kwa wavuvi wa dagaa hapa Makoko. Meli moja inawasha taa na kutangulia, adui anaifuata, halafu zile nyingine zinamzingira. Meli ya taa bado inaitwa Kamongo, kama yule samaki wa ziwani, na nahodha wake bado ni wewe. Kila nikiichora naona ilivyo peke yake pale mbele, nami sipendi.

Sasa sikiliza. Sheria uliiweka mwenyewe: kabla ya vita kila meli inaitwa, nahodha anajibu “Nipo.” Akikosa mara tatu mfululizo, meli yake inavunjwa iwe chuma cha wengine. Wewe ulikuwa unanitumia “Nipo” yako kwa ujumbe, lakini tangu Pasaka hujibu, wala hupokei simu ya mama yako. Vita si vya kila Jumamosi, ila Makoye alinionya kwa upole kwamba jana ingekuwa mara ya tatu.

Jana simu ilikuwa juu ya meza ya kukatia, sauti imefunguliwa. Mama mdogo alikuwa amekuja kunitembelea, akakaa pembeni anachambua maharage. Nilidhani hasikilizi. Makoye akaita Kamongo. Akaita tena, na mama yako akasema bila kuinua macho:

“Yupo. Huyo anachelewaga tu, tangu mdogo.”

Hakuna aliyecheka. Makoye akasema, “Haya mama, tumesikia,” akaita meli inayofuata. Mimi nilijifanya natafuta chaki.

Kamongo imepona, basi. Lakini wakati wa kuondoka mama mdogo aliniuliza Jumamosi ijayo tunaanza saa ngapi, ili asichelewe kuja.

Sikuulizi kwa nini umenyamaza. Kama kazi imeisha, kama mambo hayakwenda ulivyotuahidi, hapa hakuna atakayekupima. Mimi nahitaji mtu wa kucheza naye, na mama yako anahitaji sauti yako.

Gasper na mkewe Lilian wanakusalimu. Bibi Nyamburi wa Butiama anakuombea kila asubuhi, kwa jina lako la ubatizo, ili Mungu asikosee mtu. Akulinde huko uliko, akupe na watu wa kula nao.

Jumamosi tunaanza saa kumi jioni ya huku, kwako itakuwa asubuhi. Piga. Makoye akiita Kamongo, muwahi mama kabla hajakujibia tena.

Akupendaye na kukungoja,
dada yako,
Rhobi